Vikombe vya Majirani

Kazi yangu ilikuwa kuandika shida za watu vizuri. Barua ya ajira haikusema hivyo. Ilisema nitasimamia habari za wafadhili na mafunzo ya wafanyakazi, na bosi wetu alipenda kuyatamka yote, neno kwa neno, kila aliponitambulisha kwa wageni. Shirika letu la watoto lilikuwa limepanga nyumba ya vyumba vinne Kinondoni. Chumba kimoja kilikuwa changu, na humo mlikuwa na taipureta, kabati la chuma na mafaili ya watoto wa Buguruni, Temeke na kwingineko. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake ng'ambo anayemlipia ada na sare, na kila mfadhili alitakiwa kupata barua ya mtoto, picha yake na ukurasa mmoja wa habari za nyumbani kwao. Barua za watoto nilizitafsiri kwa Kiingereza. Habari za nyumbani niliziandika mwenyewe, kutokana na walichokusanya wahudumu wetu sita waliokuwa wakizunguka mitaani kwa miguu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo juzi tu hayakuwa na sabuni sasa yalikuwa na sabuni za rangi nne, mitumba ilimwagwa hadi pembeni mwa barabara, na shule za sekondari za watu binafsi zilichipuka kila upande. Kila kitu kilikuwepo, ila cha kulipia. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaacha chaki kwa sababu mshahara ulikuwa unaishia njiani kabla sijafika nao nyumbani. Shirika lilinilipa vizuri zaidi, na juu yake likanipa heshima ambayo sikuiomba. Wahudumu waliniita madam. Nikiingia chumba cha chai walinyamaza, halafu mmoja wao akaniuliza habari za afya yangu.

Nilikuwa mpweke, sina haja ya kuzungukazunguka. Ndoa yangu ilivunjika bila mtoto, ndugu zangu wote walikuwa Masasi, na wapangaji wenzangu pale Kinondoni walikuwa watu wa kutoka alfajiri na kurudi gizani. Kuna Jumamosi na Jumapili zilizopita bila mimi kutamka neno lolote isipokuwa kumuuliza muuza mkaa bei, na bei yenyewe nilikuwa naijua. Jumatatu nikifika kazini ilinibidi nikohoe kwanza ndipo sauti itoke ya kusalimia watu.

Mafunzo niliyaendesha sebuleni kwa shirika, wahudumu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Kuwafundisha kuandika hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba watu wetu hawasemi shida. Mtu wa Pwani ukimuuliza jana watoto wamekula nini, anakujibu tunamshukuru Mungu, na jiko halijawashwa tangu juzi. Mhudumu wetu mmoja, karani mstaafu mwenye mwandiko wa kuvutia ajabu, aliniletea fomu kumi na mbili, na kwenye mstari wa chakula zote kumi na mbili alikuwa ameandika "wanamshukuru Mungu." Nikamsema mbele ya wenzake.

"Madam, ndivyo walivyojibu," alisema.

"Basi chungulia jikoni. Angalia sufuria. Hesabu vitanda."

"Nichungulie jikoni kwa mtu?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka ili tuendelee na somo. Lakini nilikuwa sitanii, na yeye alikuwa hatanii.

Somo lililonichukulia muda mrefu kuliko yote lilihusu ugeni. Uswahilini mgeni hapokewi na mtu mmoja. Asubuhi ya siku hiyo mkeka mpya unatoka kwa huyu, chupa ya chai kwa yule, sinia kwa mwingine, vikombe, kitambaa cha meza, foronya za kufuma. Vyote vinaingia chumba kimoja, mgeni anaketi, anakula, anasifu, na akishaondoka kila kitu kinarudi kwa mwenyewe kabla ya magharibi. Hakuna anayeuhesabu kuwa uongo. Anayekuazima leo, kesho ana posa ya binti yake na sinia lako atalihitaji. Mimi nimekulia hayo hayo Masasi. Mfadhili ndiye asiyejua. Familia moja ya Buguruni ilikuwa imeazima kabati la vyombo, lile lenye milango ya vioo, ili kumpokea mfadhili wao. Yule bwana alilitazama kabati, akatutazama sisi, na alipofika kwao akaandika kwamba fedha zake zihamishiwe kwa mtoto mwenye shida ya kweli. Mtoto wa Buguruni akaacha shule, nasi hatukuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo, katika kila mafunzo, niliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba siku ya ugeni nyumba ibaki ilivyo, na mhudumu alitakiwa amwambie mwenye nyumba wiki mbili kabla, waziwazi, asiazime hata kijiko.

Sasa, Tandika kulikuwa na bibi mmoja, mjane, mzaliwa wa Pwani hiyo hiyo, aliyekuwa amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita. Asubuhi alikaanga vitumbua barazani. Humo chumbani alimlea mjukuu wake wa kike, aliyefiwa na wazazi wote wawili. Binti alikuwa kidato cha pili katika shule ya binafsi, na aliyemlipia ni mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa huko kwenye baridi. Mara ya kwanza nilikwenda kupeleka barua tu, kwa kuwa mhudumu wa Temeke alikuwa anaumwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, na bibi alikuwa anapakua.

"Sogea ule, mwanangu," alisema, kabla sijamweleza nimetoka wapi.

Tulikula sinia moja, watu watatu, ugali na mchicha wa nazi. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa kisingizio cha picha, na iliyofuata nikarudi bila kisingizio. Nilipanda basi Kinondoni, nikabadilisha Buguruni, nikashuka Tandika na fungu la nyanya au mche wa sabuni mkononi, na bibi akanigombeza kwa kuchelewa. Kugombezwa kule ndiko nilikokufuata. Hapakuwa na mtu mwingine Dar es Salaam nzima aliyejua kwamba nimechelewa. Binti aliniita anti, akaniletea insha zake za Kiingereza nizisahihishe, tukabishana kuhusu neno hili na lile hadi bibi akasema tunampigia kelele. Zilikuwepo Jumamosi ambazo chakula hakikuwepo, na bibi hakuficha. "Leo hakuna kitu, mwanangu, sie tunakunywa uji," alisema, akanisogezea kibakuli. Wahudumu wangu wote sita hawakuwahi kuambiwa maneno hayo mlangoni kwa mtu.

Na mimi niliyapeleka kazini. Ukurasa wa habari za nyumbani wa binti yule ulikuwa mzuri kuliko kurasa zote kabatini, kwa sababu nilijua kila kitu: kitanda kimoja cha kamba, vikombe viwili vya plastiki, bati linalovuja upande wa miguuni, siku za uji. Sikuona ubaya wakati ule. Niliona kwamba ada inalipwa. Yule mama wa ng'ambo alituandikia kwamba ukurasa huo anausoma mara kwa mara.

Kisha akaandika kwamba anakuja. Alitaka kumwona binti nyumbani kwao kabla ya kuamua kuhusu kidato cha tatu na cha nne. Bosi alinisomea barua hiyo akiwa amesimama, halafu akanikumbusha kabati la Buguruni, kana kwamba mimi ni mtu wa kulisahau.

Mhudumu wa Temeke alikuja mezani kwangu siku hiyo hiyo. "Madam, yule bibi wa Tandika niende kumwambia lini?"

"Mwache," nikasema. "Huyo nitamwambia mwenyewe."

Jumamosi nilijifunza maneno njia nzima. Bibi, usiazime kitu chochote, mgeni akuone unavyoishi. Mafupi tu, niliyowafundisha watu wazima sita na kuwagombeza wanaposita kuyasema. Nilipofika, bibi alikuwa ameshasomewa barua na mjukuu wake, na alikuwa amechangamka kama mtu mwenye harusi.

"Mgeni wangu huyo," alisema. "Katoka huko kwao, kavuka bahari, kwa ajili ya mjukuu wangu mie. Hatoki humu hajala."

Nilimtazama anavyopakua. Nilikuwa nimekula kwake miezi mingi, na sasa nimwambie nini? Kwamba huyo mgeni anakuja kukuona ulivyo fukara, na ukionekana huna ufukara wa kutosha binti atarudi nyumbani? Mtu mwingine yeyote ningemwambia. Yeye nilimwonea haya, na nilijionea haya mwenyewe zaidi.

"Bibi, usijisumbue sana," nikasema.

"Wala sisumbuki, mwanangu."

Maneno hayo kila mgeni huyasema, na sijawahi kuona mwenyeji aliyeyatii. Nilijua hivyo wakati nayatamka. Nilikula, nikanawa, nikarudi Kinondoni, na Jumatatu kwenye fomu ya ugeni nikatia tiki mahali panapouliza kama mwenye nyumba ameelezwa.

Mgeni alifika Alhamisi. Alikuwa mama mwembamba, mwenye mvi nyeupe kabisa, na njia nzima ndani ya gari la shirika alikuwa ameshika bahasha yenye picha za binti tangu akiwa darasa la tano. Aliniuliza namna ya kusema shikamoo, akairudia kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Nilimpenda, na hilo linanisumbua mpaka leo, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Bibi alikuwa mlangoni na doti mpya ya kanga. Tuliingia chumbani. Kulikuwa na viti viwili vya sofa vyenye vitambaa vya kufuma. Kulikuwa na saa ya ukutani, redio kaseti, meza ndogo yenye kitambaa cha waridi, chupa ya chai ya maua, na vikombe sita vya kauri na visahani vyake. Kitanda cha kamba kilikuwa kimefunikwa shuka zito lenye picha ya tausi. Feni ilikuwa inazunguka kwenye kona, na waya wake umepita dirishani kwenda chumba cha jirani mwenye umeme. Nyumba nzima ilikuwa imekuja mle ndani kumpokea mgeni wa bibi. Mlangoni walisimama wanawake wanne, wenye vitu, wanatabasamu kuona vitu vyao vinavyopendeza.

Mgeni alisema shikamoo yake, bibi akaitikia kwa furaha, binti akiwa na sare ya shule akaanza kumimina chai. Mgeni hakunywa. Alitazama feni, akatazama saa, akatoa kwenye bahasha ukurasa wangu, uliokunjwa mara nyingi hadi umelegea, akausoma kidogo. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, bila hasira, kama vitu hivi ni vya bibi.

"Bibi," nikasema, "mgeni anauliza kama hivi vitu ni vyako."

Bibi alinitazama bila wasiwasi wowote. Aliyekuwa akitafsiri ni mtu wake.

"Mwambie ni vyetu, mwanangu. Mwambie anywe chai."

Ningeweza kusema hivyo hivyo. Nilifikiria kabati la Buguruni, nikafikiria kidato cha tatu, nikageuka kwa mgeni, na kwa Kiingereza nikamwambia kwamba vyote vimeazimwa. Viti, feni, saa, redio, hata kikombe kilicho mbele yake. Kwamba hii ni desturi yetu ya kumheshimu mgeni. Kwamba cha bibi ni kitanda kilicho chini ya shuka lile na vikombe viwili vya plastiki. Nilisema huku natabasamu, ili bibi aone kwamba napeleka jibu lake. Lakini jibu lake lilikuwa la maneno machache, na mimi nilikuwa bado naongea.

Binti aliacha kumimina. Insha zake za Kiingereza nilikuwa nimezisahihisha mwenyewe, na alikuwa ameshafika mahali pa kutohitaji kusahihishwa. Aliweka chupa mezani kwa uangalifu, akarudi nyuma akasimama ukutani, macho yakiwa chini.

Mgeni aliweka mkono mdomoni. Macho yakamjaa machozi, akainuka, na kwa upendo mtupu akaanza kugusa vitu kimoja kimoja na kuniuliza. Na hiki? Aligusa kiti. Na hii? Akagusa redio. Akainua kikombe, akagusa pazia, akanyoosha kidole kwenye saa. Kila alipogusa akanitazama, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Wanawake wa mlangoni hawakuhitaji Kiingereza. Mwenye vikombe alitazama pembeni. Mwenye feni aliondoka kimya kimya, kisha na wa tatu. Bibi alikuwa anafuata ule mkono unavyotoka kitu hiki kwenda kile, na ulipofika kwenye shuka la tausi akanigeukia. Alivuta kanga yake ya juu akajifunika kichwa vizuri, kama anavyofanya mtu anayepita mbele za watu asiowajua.

Mgeni akapiga magoti mbele yake, akamkumbatia, akalia. Bibi alikaa ameiweka mikono yake mapajani.

"Mwambie asante," alisema.

Hiyo niliitafsiri kama ilivyo.

Ndani ya gari mgeni alisema atamlipia binti mpaka atakapofika, hata chuo kikuu akitaka. Bosi alifurahi kupita kiasi. Jumatatu akaniambia habari ile iwe ukurasa wa kwanza wa jarida la wafadhili: bibi asiye na kikombe aliyeazima mtaa mzima kwa ajili ya mgeni. Nikaiandika kabla ya chakula cha mchana. Niliona aibu na niliona fahari, kwa pamoja, na taipureta haikusimama. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Hadi naacha kazi pale, ukurasa huo ulikuwa bado unasomwa kwenye mafunzo kama mfano.

Jumamosi nikaenda Tandika. Nilijiambia kwamba binti atasoma, na kwamba bibi ni mtu mzima, ataelewa. Nilinunua kilo mbili za mchele, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nilipofika Buguruni nikatamani kuurudisha. Kwenye ukumbi wa ile nyumba nilisikia harufu ya mchuzi wa nazi. Nikapiga hodi.

"Karibu," bibi alisema. Kulikuwa na mwendo wa haraka ndani, halafu pazia likafunguliwa. "Karibu, mwalimu, karibu ukae."

Chumba kilikuwa kimerudi kilivyo. Sufuria ilikuwa kwenye kona, imefunikwa, na juu ya kifuniko imetupiwa kanga. Nilimwamkia bibi, akaitikia vizuri. Binti aliniamkia, akaniita madam. Bibi alipangusa kitanda kwa kiganja nikae hapo, wao wakakaa mkekani, na kabla sijatafuta la kusema alimtuma binti dukani kuninunulia soda.

Ilikuja baridi, na kitambaa cha karatasi kimefungwa shingoni mwa chupa. Moja tu. Niliinywa wakinitazama kwa adabu. Niliuliza habari za shule, binti akajibu kwamba ni nzuri. Niliuliza kama bati bado linavuja.

"Halivuji," bibi alisema. Juu ya kitanda, upande wa miguuni, alama ya maji ilikuwa mbichi.

"Bibi," nikasema, "nisamehe kwa yale ya Alhamisi."

"Hujatukosea, mwalimu. Umetusaidia. Mtoto atasoma." Alisema hivyo bila kinyongo, kwa ile sauti anayowapa wanunuzi wa vitumbua. "Na mchele huu asante sana. Umejisumbua."

Nilikaa muda unaostahili mgeni, nikaaga. Walinisindikiza wote wawili hadi barazani, bibi akaniombea safari njema na kuniambia nisalimie nyumbani, ingawa alijua kwamba nyumbani hakuna mtu. Nilizunguka upande wa nyumba kuelekea barabarani. Dirisha la chumba chao lilikuwa upande huo, na nilipolikaribia kanda ya ndala yangu ikachomoka, nikainama kuirudisha. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa sakafuni, na sahani.

"Pakua sasa, mwanangu," bibi alisema. "Kaondoka."